Seli shina za kulinda ubongo: elimu yake na hukumu yake



Seli shina ni seli ambazo bado hazijapata kazi maalumu mwilini, na zinaweza kuzaa seli za aina nyingine. Hupatikana kwenye uboho wa mifupa, damu ya kitovu, kondo la nyuma na mimba changa.

Anayepatwa na kiharusi, sehemu ya ubongo wake hukosa damu na seli zake hufa. Majaribio kwa wanyama yameonesha kuwa seli shina husaidia zaidi kwa majimaji zinayoyatoa kuliko kwa kugeuka seli za ubongo. Ndani yake mna protini na vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu, ambavyo hutuliza uvimbe na kuzikinga seli zilizojeruhiwa zisife. Lakini kwa kiharusi, hii bado si tiba iliyothibiti. Ni tofauti na kupandikiza uboho kwa mgonjwa wa selimundu, tiba inayotolewa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2023.

Watu wa mwambao wanajua uthibitisho huchukua muda. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza awamu ya mwisho ya majaribio Bagamoyo, Mei 2009. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto Oktoba 2021.

Ama hukumu, inategemea chanzo. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makkah, katika kikao cha 17, Desemba 2003, liliruhusu seli za mtu mzima kwa ridhaa yake bila kumdhuru, za kitovu na kondo la nyuma, na za mimba iliyotoka yenyewe, wazazi wakiridhia. Likaharamisha za mimba iliyotolewa kwa makusudi bila sababu ya kitabibu inayokubalika kisheria.

Basi ndugu Muislamu, kabla hujauza shamba la mikarafuu kumtibu mzazi wako, uliza mambo matatu: seli zimetoka wapi? Kama ni utafiti, una kibali cha NIMR kwa Bara au ZAHRI kwa Zanzibar? Na daktari wake anasemaje? Kiharusi kikitokea, mkimbize mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo.

Na Allaah Anajua zaidi.