LSU Walimrudia Kocha wa Mabeki

Wasee, kwenye futiboli ya Marekani, ile ya helmeti na mpira kama yai, kazi ngumu ni ya beki wa pembeni. Mshambuliaji anajua anakokimbilia. Wewe hujui. Unakimbia kinyumenyume, na ukichelewa hatua moja tu, uwanja mzima umekuona.

LSU, chuo cha Louisiana, wanajiita DBU, yaani chuo kikuu cha mabeki. Si majigambo tu. Tuzo ya Jim Thorpe, ya beki bora wa vyuo, Patrick Peterson aliibeba 2010, Morris Claiborne 2011. Halafu 2012 akaja kocha msaidizi Corey Raymond, beki wa zamani wa hapo hapo LSU. Kwa mikono yake wakapita Tre'Davious White, Jamal Adams, Grant Delpit aliyebeba Thorpe 2019, na Derek Stingley Jr., chaguo la 3 la NFL mwaka 2022.

Ati ni jezi ndiyo hutengeneza mabeki? Sawa, Peterson na Claiborne walimtangulia Raymond. Lakini cheki: 2022 alihamia Florida. Msimu wa 2023 LSU walikuwa na Jayden Daniels, mshindi wa Heisman, na bado Ole Miss wakawapiga 55–49. Yaani unafunga pointi 49 na unapoteza! Msimu ulipoisha, kocha mkuu Brian Kelly akavunja benchi la ulinzi. Januari 2024 simu ikapigwa Florida, na Raymond akarudi nyumbani kufunza vijana kukimbia kinyumenyume.