Mali ya Mjane na Mabawa ya Afrika Mashariki

Hapa Iguhu, katika nchi ya Waidakho, ambako mto Yala hupita chini ya vilima na vijana hata leo huosha mchanga ndani ya karai wakitafuta chembe za dhahabu, mwaka 1931 hutajwa kwa jambo moja tu, nalo ni kuvumbuliwa kwa dhahabu ya Kakamega, iliyowavuta wageni kwa mamia na kuwatia wenyeji hofu ya ardhi yao. Lakini mwaka uo huo, kusini yetu, Kisumu ilipata ajabu nyingine: mwishoni mwa Februari kampuni ya Imperial Airways ilifungua safari ya London hadi Mwanza, na ndege zenye matumbo kama ya mashua zikawa zikitua juu ya maji ya ziwa, zikishusha barua na abiria.

Wakati huo Nairobi ilikwisha kuwa na ndege zake, na asili yake ni mfuko wa mwanamke mmoja. Florence Kerr Wilson, mjane mwenye mali, aliungana na rubani Tom Campbell Black, na mwaka 1929 akaanzisha Wilson Airways kwa ndege ya Gipsy Moth, chombo chepesi cha mbao na kitambaa, ambacho mabawa yake yaliweza kukunjwa kikawekwa bandani. Haikuwa sadaka, ilikuwa biashara. Hata hivyo ni yeye aliyehatarisha mali yake pale ambapo wengi waliona upuuzi. Vita vilipozuka mwaka 1939 serikali ilichukua ndege na marubani, na kampuni haikufufuka tena. Lililosalia ni jina, maana uwanja wa Nairobi West uliitwa Wilson mwaka 1962, na maelfu hupita hapo bila kujua Wilson alikuwa nani.

Tarehe 1 Januari 1946 ikazaliwa East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliyoanza na Dragon Rapide sita, na miaka ishirini baadaye ikamiliki Super VC10, ndege ya injini nne zilizofungwa mkiani. Zilikuwa tano jumla yake, na ubavuni mwa kila moja iliandikwa alama ya usajili: 5X ya Uganda, 5H ya Tanzania, 5Y ya Kenya, mbili, mbili na moja, kama ndugu wagawanavyo mifugo na bado wakachunga pamoja. Moja iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, wakafa watu 43. Shirika lenyewe lilivunjika mwaka 1977, na zile nne zilizosalia zikanunuliwa na jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa za kuzijaza ndege nyingine mafuta angani.

Miongoni mwazo ni 5H-MOG, VC10 ya mwisho kuundwa kati ya 54 zilizopata kuwako. Mnamo Septemba 2013 ilitua Dunsfold, kusini mwa Uingereza, ikakabidhiwa kwa jumba la makumbusho la Brooklands, amana ya hisani iishiyo kwa michango ya wafadhili na jasho la watu wa kujitolea. Nawashukuru kwa dhati. Lakini moyo wangu hausadiki kuwa ni haki mtoto wa Tanzania, Kenya au Uganda avuke bahari ndipo aguse ndege iliyobeba alama ya nchi yake.

Watu wa pwani walikuwa na njia njema: aliyejaliwa mali aliweka shamba au nyumba kuwa wakfu, na pato lake likatunza msikiti na kisima hata baada ya kufa kwake. Matajiri wetu wa leo, ambao baadhi yao walipata mali hiyohiyo kwa kusafirisha watu na bidhaa, wangeweza kuweka wakfu wa namna hiyo kwa ajili ya banda moja la kumbukumbu pale Kisumu, mahali zilipotua ndege za majini. Nawe msomaji, ikiwa baba au mama yako alilitumikia shirika lile, nawe unazo picha zake, sare yake au daftari la safari zake, usimwachie mchwa wala usizichome pamoja na takataka; ziandike majina na tarehe nyuma, uzihifadhi mahali pakavu, kwa maana banda hilo litakapojengwa zitahitajika.