Mkebe wa Picha za Bibi

Shuleni tulifundishwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa majina ya majenerali na ya miji ya Ulaya. Askari wetu wa King's African Rifles, ambao wazee waliwaita keya, walipata mstari mmoja tu. Mengi ninayoyajua juu yao niliyapata kwenye mkebe wa biskuti wa bibi yangu mzaa baba, uliokuwa na picha 11. Wazee ndivyo walivyo: ukimwuliza mambo ya zamani atasema amesahau, lakini mpe picha mkononi, ataanza mwenyewe.

Picha moja ni ya vijana wawili, ndugu wa tumbo moja, wamesimama mbele ya pazia lililochorwa nguzo na ngazi za jumba. Wa kushoto ni babu yangu, na amevaa saa. Nilipouliza aliipata wapi, bibi alicheka sana. Saa ilikuwa ya mpiga picha. Kila mteja aliivaa, akaivua akiondoka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, katika picha za studio za wakati ule usiiamini saa.

Vijana hao waliondoka na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Vitabu vinaieleza safari yake: Ceylon, yaani Sri Lanka, mwaka 1943, kisha Burma, ambayo leo ni Myanmar, mwaka 1944, katika bonde la Kabaw lenye mvua na malaria, hadi mto Chindwin huko Kalewa mwezi Desemba.

Yule wa kulia hakurudi. Mama yao alikataa matanga kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kaburi, na kwa miaka mingi alipopakua chakula alitenga sahani moja. Hayo nilikwisha kuyasikia kwa baba. Nisiloyajua ni haya aliyoyasema bibi, kidole chake kikiwa juu ya uso wa kijana yule:

"Huyu ndiye aliyenitolea mahari, mjukuu wangu. Ng'ombe walikwisha kufika kwetu. Babu yako aliporudi, wazee wakasema mke wa nyumba hii ni huyuhuyu."

Nikamwuliza kama alimpenda babu.

"Nilimzoea. Alikuwa mtu mwema."

Kisha akaniagiza nichukue penseli, maana wino hupenya na kuharibu picha, niandike nyuma majina yao wote wawili. Habari ya mahari nisiiandike popote akiwa hai. Alifariki mwaka 1997.