Usomi Bila Kiti cha Uprofesa: Pilkington, Duta na Taaluma ya Kiganda, 1890–1897

Historia ya usomi wa lugha katika karne ya 19 huandikwa mara nyingi kwa kufuata maisha ya mtu mmoja: alikosoma, alichochapisha na cheo alichofikia. Makala haya yanaupima utaratibu huo kwa kuichunguza kazi ya George Lawrence Pilkington nchini Uganda. Hoja yetu ni kwamba usomi wake ulikuwa wa ushirika, na kwamba kuusimulia kama mali ya mtu mmoja kunapotosha historia na kudhoofisha sera za lugha za leo.

Pilkington alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1865, akasomea Kigiriki na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Katika Ulaya ya karne hiyo, msomi wa lugha zilizopuuzwa aliweza kutegemea maandishi peke yake. Johann Kaspar Zeuss, mwalimu wa Bavaria aliyeweka msingi wa taaluma ya lugha za Kikelti kwa sarufi yake ya mwaka 1853, aliegemea maelezo ambayo watawa wa Ireland waliyaandika katika miswada karne nyingi kabla yake. Walimu wake walikuwa marehemu. Wa Pilkington walikuwa hai, na waliweza kumsahihisha.

Alipofika Mengo Desemba 1890, kazi ilikwisha kuanza. Kiswahili kilikuwa kimeingia katika kasri ya Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani; wasomaji wa kwanza wa Kikristo walitumia vitabu vya Kiswahili; na sehemu za Injili ya Mathayo zilikuwa zimechapwa kwa Kiganda huko Natete, chini ya Alexander Mackay. Pilkington alishirikiana na Henry Wright Duta Kitakule, Mganda aliyepewa ushemasi mwaka 1893. Biblia nzima ya Kiganda ilichapishwa mwaka 1896. Kasi hiyo haielezeki kwa kipaji cha mgeni peke yake.

Desemba 1897 Pilkington aliuawa Busoga katika maasi ya askari wa Kisudani. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu cha maisha yake, chenye jina lake kwenye jalada. Hivyo ndivyo kazi ya wengi inavyogeuka kuwa sifa ya mmoja.

Suala hili si la kale tu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Vitabu na tafsiri vitahitajika kwa wingi. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila chapisho liwataje watafsiri, wasahihishaji na wazungumzaji walioshauriwa, nao walipwe stahili zao. Pili, Jumba la Makumbusho la Uganda, lililopo Kamwokya tangu mwaka 1954, liwe na maonyesho ya kudumu ya historia ya uandishi wa lugha za nchi hii, ambamo Duta na Pilkington watatajwa pamoja. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tukimfundisha mwanafunzi kwamba lugha yake ilichunguzwa na wageni, ilhali wazee wake walikuwa walimu wao.