Safu ya Lugha: Mlinganyo

Nomino hii inatokana na kitenzi linganya, yaani kufanya vitu viwe sawa. Isichanganywe na Mlingano ya Muheza, penye kituo cha utafiti wa mkonge. Katika mlinganyo wa kemia, kila atomu iliyoingia lazima ionekane ikitoka.

Chukua mkaa, ule wa magunia ya kandokando ya barabara Handeni na Korogwe. Sehemu kubwa yake ni kaboni, na moli 1 ya kaboni ina gramu 12. Ikiungua vizuri hutwaa gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 44 za hewa ya ukaa. Basi kilo 1 ya kaboni tupu hutoa takriban kilo 3.7 za hewa hiyo, uzito unaoshangaza mpaka upige hesabu mwenyewe. (Mkaa una majivu na unyevu, hivyo hutoa pungufu.)

Oksijeni ikiwa haba, mlinganyo hubadilika: moli 2 za kaboni na moli 1 ya oksijeni huzaa moli 2 za monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Ndugu msomaji, usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.