Chini ya Lami

Lami niliyokutana nayo mara ya kwanza haikuwa ya vitabuni. Ilikuwa ndani ya pipa, inachemka juu ya magogo, na mimi nimeshika chepe, jasho linaniingia machoni. Ilikuwa Februari 2023. Kidato cha sita nilikuwa nimekwisha maliza, kazi sina, na riwaya yangu imekwama kwenye kaunta buku ukurasa wa arobaini. Rafiki akanistua kijiweni: kuna kibarua Tandika, elfu kumi kwa siku, uje na viatu ambavyo hutavililia.

Kazi yenyewe ilikuwa kuweka lami uwanja ulio mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mama mmoja mjane. Vumbi la uwanja ule lilikuwa limemchosha: linaingia kwenye makopo ya rangi, linaingia kwenye vitasa, linaingia kifuani. Makubaliano niliyasikia kwa masikio yangu. Udongo uchimbwe, moramu imwagwe sentimita 15 na kushindiliwa, uwanja upewe mteremko kuelekea mtaroni, ndipo lami iwekwe juu sentimita 5. Tulichofanya ni kufagia mchanga, kumwaga kifusi cha kuficha aibu na kupitisha rola ya kusukuma kwa mkono mara mbili. Lami ilikuwa sentimita mbili, labda na nusu pale tulipojisahau. Mtaro hatukuchimba.

"Kaka, mbona chini panabonyea?" nilimwuliza nyapara.

"Dogo, nani atabandua lami aangalie chini? Mwaga."

Nikamwaga.

Jioni mama akaja, akakanyaga uwanja wake mweusi unaong'aa, akatununulia soda. "Hongereni wanangu. Sasa vumbi basi." Tukaitikia, ahsante mama. Soda ile naikumbuka mpaka leo.

Masika ya mwaka uleule, mwezi wa nne, nilipita pale. Katikati ya uwanja palikuwa na dimbwi, na pembeni mwa dimbwi lami imevunjika vipande kama chapati iliyokauka. Sikuingia dukani. Nilikwenda zangu Maktaba Kuu, kwa sababu ya aibu zaidi kuliko elimu, nikitaka kujua kosa lile ni la nani na lilianza lini. Nilidhani nitasoma juu ya lami. Kumbe nilichosoma zaidi ni habari za maji.

Mtu wa kwanza niliyekutana naye huko ni Mskochi, John Loudon McAdam, aliyezaliwa mwaka 1756. Mwaka 1816 alipewa usimamizi wa barabara za Bristol, Uingereza. Enzi hizo wahandisi wakubwa, kama Thomas Telford, walitandika mawe makubwa chini kama msingi wa nyumba. McAdam aliwabishia. Alisema kinachobeba gari si jiwe, ni ardhi yenyewe iliyo chini. Ardhi ikiwa kavu itabeba mzigo wowote, ikilowa itazama na mawe yako yote. Basi kazi ya barabara ni kuwa paa la ardhi. Inua njia juu ya maji, chimba mitaro, kisha tandaza mawe madogo yenye kingo kali, yashikamane yenyewe kwa kukanyagwa. Jiwe lisizidi aunsi 6, yaani kama gramu 170. Masimulizi yanasema wakaguzi walilipima kwa kulitia mdomoni: lisipoingia, lirudi nyundoni.

Nikasoma pia kwamba kokoto zile zilipondwa na wazee, wanawake na watoto, wamekaa chini na nyundo ndogo. Hapo nilifunga kitabu kidogo. Akina mama wa Kunduchi nimewaona kwa macho yangu wakigonga kokoto juani, mtoto yuko mgongoni. Miaka mia mbili imepita, na nyundo ni ileile.

Angalia, ndugu yangu, kwamba barabara ya McAdam haikuwa na lami hata tone. Lami yenyewe ni ya kale kuliko yeye mara nyingi. Watu wa Babeli waliichota katika chemchemi za Hit, kando ya mto Frati, wakagandishia matofali ya majengo na ya njia zao za maandamano, miaka 600 hivi kabla ya Kristo. Mwaka 1595 Walter Raleigh alizibia merikebu zake kwa lami ya ziwa la Trinidad, ziwa lenyewe likiwa ni lami tupu, na hadi leo linachimbwa. Ila lami na kokoto zilichelewa kuoana. Mwaka 1870 mkemia Mbelgiji, Edward de Smedt, aliweka barabara ya lami mjini Newark, Marekani, na miaka michache baadaye lami ya Trinidad ikatandikwa Pennsylvania Avenue, Washington.

Kilicholazimisha dunia nzima ifuate ni motokaa. Gurudumu la mpira liendalo kasi lilifyonza unga uliokuwa ukishikilia mawe ya McAdam, barabara zikafumuka na miji ikafunikwa vumbi. Mwaka 1902, kule Monaco, daktari Mswisi aitwaye Ernest Guglielminetti alimwagia barabara lami ya makaa ya mawe ili watu wapumue. Wafaransa wakamtania kwa kumwita Daktari Lami. Karibu na wakati huohuo, mwaka 1901, Edgar Hooley alipita mahali huko Derbyshire ambapo pipa la lami lilikuwa limepasuka njiani, na mtu akafunika uchafu ule kwa mabaki ya tanuri la chuma. Hooley akaona kipande kile hakina vumbi wala hakina alama za magurudumu. Mwaka 1902 akajipatia hataza, na jina "tarmac" likazaliwa. Kwa hiyo daktari, mhandisi na yule mama wa Tandika walikuwa na ugomvi mmoja, wa vumbi. Hapa niseme kidogo: Kiswahili chetu kinaita lami vitu viwili. Ile ya akina Hooley ilitoka kwenye makaa ya mawe, na moshi wake ulikuja kujulikana kuwa unaleta saratani. Hii ya leo ni lami ya petroli, masalio mazito yanayobaki mafuta yakishasafishwa.

Watu walipopata lami wakamsahau McAdam. Waliona weusi unaong'aa, wakadhani nguvu iko hapo. Lakini lami ni ngozi. Jua likiichoma miaka inakauka na kupoteza unyumbufu, inapata nyufa nyembamba kama uzi. Ufa huo, kuuziba ni kazi ya debe moja la lami na fagio. Ukiuacha, maji yanapita na kulowesha moramu, gurudumu linapokanyaga lami inadidimia na kupasuka, na hapo shimo limekwisha zaliwa. Hata kuziba shimo kuna adabu yake: kata kingo ziwe mraba mpaka ufike palipo pazima, ondoa kilicholegea, kausha, paka lami nyepesi chini na pembeni, jaza kwa matabaka, shindilia kila tabaka. Wale vijana tunaowaona wakijaza mashimo kwa kifusi na kunyosha mkono kwa madereva siwalaumu, wanatafuta riziki. Lakini mvua moja tu, kifusi kimekwenda na maji.

Kuna na suala la uzito. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Wamarekani walijenga barabara za majaribio za kuzunguka, wakaweka askari kuendesha malori usiku na mchana. Ekseli zilipita zaidi ya mara milioni 1. Jibu lililopatikana lilinitoa jasho kuliko pipa la Tandika: uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara kwa barabara hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka kama mara kumi na sita. Sasa fikiria lori la saruji linaloingia kwenye uwanja wenye lami ya sentimita mbili.

Sisi wenyewe tumelipa ada ya somo hili. Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilikosa njia ya mafuta, na malori yakaanza kukimbia kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Iringa juu ya udongo. Madereva wa Kizungu waliipa njia ile jina la jehanamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikawa lami, tukafurahi, halafu fedha za kuitunza zikakosekana, na miaka ya 1980 mashimo yakarudi. Haikuwa Tanzania peke yake. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilikadiria kwamba dola bilioni 12 za matengenezo ya wakati wake zingeliokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga barabara upya katika mwongo mmoja tu. Baada ya hapo ndipo, mwaka 1998, sheria yetu ya Mfuko wa Barabara ilipopitishwa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuwa zimekwisha toa hotuba yao.

Lakini uwanja wa mjane hauna mfuko. Hauna mhandisi wa wilaya wala mkaguzi wa kuja kutia jiwe mdomoni. Una fundi, nyapara na vibarua, na kitu pekee kinachomlinda mwenye nyumba au mwenye duka ni kwamba mmoja wa hao aseme. Mimi nilisema mara moja, kwa sauti ndogo, kisha nikamwaga.

Mwezi wa sita nikapiga moyo konde nikaingia dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si mmoja wa wale?" Akachukua kipande cha lami alichokuwa amekiweka juu ya mizani ya misumari, akanipa. Kilikuwa chembamba kama biskuti. "Mwanangu, mlijua?"

"Mimi nilijua, mama."

Hakugomba. Aliuliza wangapi wengine walijua, nikamwambia wote. Aliuliza chini tuliweka nini, nikamweleza, na nikaendelea kueleza mambo ya mitaro na mteremko na ekseli mpaka akaninyamazisha kwa mkono. Fedha ya lami nyingine hakuwa nayo. Alikuwa anafikiria zile tofali za kupanga, kwa sababu zikibonyea unazing'oa, unasawazisha na kuzirudisha. Nikamwambia hizo nazo zinataka chini palepale.

"Basi anza na chini," akasema, akanionyesha chepe na sururu zilizoning'inia ukutani, za kuuza, bei bado imebandikwa.

Mtaro niliuchimba siku nne, kutoka kona ya duka mpaka mfereji wa barabarani, mita kumi na saba. Siku ya kwanza alinipa maji ya kunywa. Soda ilikuja siku ya nne, mvua ya usiku ilipokuwa imepita na maji yameondoka yote.