Mashua Iliyopita Ugogo kwa Miguu

Mto wa kwetu Makutupora hausafiriki. Kinyasungwe Mdogo hutiririka siku chache za msimu wa mvua, halafu unabaki mchanga ambao ng'ombe wanaukata bila kulowa kwato. Mvua ya mwaka mzima Dodoma ni kama milimita 550. Maji yetu yako chini ya ardhi, na visima vya bonde la Makutupora ndivyo vimelinywesha jiji kwa miongo mingi. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa mashua ya futi 40 imewahi kukatiza nchi hii, nitamuuliza kwanza amekunywa chupa ngapi za mvinyo wetu.

Lakini ilikatiza. Mwishoni mwa 1874 na mwanzoni mwa 1875, mashua iitwayo Lady Alice ilipita Ugogo ikiwa vipande vipande mabegani mwa watu. Miaka miwili baadaye mashua hiyohiyo ilikuwa ikishuka mto Lualaba, ndani ya msitu mkubwa wa Kongo, kati ya vijiji ambavyo havijawahi kumwona Mzungu. Mwenye mashua alikuwa Henry Morton Stanley. Kitabu alichokiandika kuhusu safari hiyo, *Through the Dark Continent*, kilitoka 1878 kwa mabuku mawili, na hadi leo kinasomwa kama mama wa simulizi zote za safari za mtoni Afrika. Wengi wanakimbilia buku la pili, lenye msitu, maporomoko na mitumbwi ya vita. Mimi kama Mgogo nimekaa sana kwenye buku la kwanza, na nadhani buku la pili halieleweki bila hilo.

Tuanze na chombo chenyewe. Lady Alice ilitengenezwa Uingereza, kando ya mto Thames, kwa mbao nyembamba za mwerezi, ikapewa jina la Alice Pike, binti wa Kimarekani ambaye Stanley alitarajia kumwoa. (Binti aliolewa na mwingine jamaa akiwa bado porini.) Iliundwa ili ifunguliwe vipande vitano. Ilipofika Zanzibar, kumbe vipande ni vizito mno kwa binadamu kubeba, ikabidi fundi avipunguze na kuvigawa upya. Wakachaguliwa wapagazi wenye nguvu kuliko wote, na Novemba 1874 msafara ukaondoka Bagamoyo.

Walikuwa watu wangapi? Stanley aliandika 356. Watafiti waliokuja kusoma shajara zake wameishusha hesabu hadi kama 228. Tofauti hiyo si ndogo. Tunajua urefu wa mashua, aina ya mbao zake na unene wake, ila idadi ya waliyoibeba bado inabishaniwa. Wengi wao walikuwa Waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi, watu wa Kiswahili cha njiani, waliokwisha kuizoea barabara ya kati kabla Stanley hajaijua.

Katikati ya Desemba wakafika Mpwapwa, kisha wakavuka nyika ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Krismasi iliwakuta huku, mvua inapiga mahema na chakula hakipatikani, maana ilikuwa wakati wa njaa. Na katika hali hiyo wakakutana na kile ambacho kila msafiri wa karne ile alikilalamikia: hongo.

Hapa naomba msomaji asubiri kidogo, kwa sababu neno limebadilika. Leo hongo ni ile bahasha inayopita chini ya meza. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa wazi. Mtemi aliyekuwa na visima, mashamba na njia katika eneo lake alitoza msafara nguo, shanga au waya. Walikaa chini, wakabishana bei, wakati mwingine siku nzima au mbili, wakakubaliana, msafara ukachota maji, ukanunua mtama na kupita. Tabora ilikuwa mbele, pwani ilikuwa nyuma, na kati yake kulikuwa na nchi kavu isiyo na mto wa kudumu. Visima vilichimbwa kwa mikono, na aliyevichimba alijua thamani yake. Richard Burton alilalamika alipopita 1858, na Stanley mwenyewe alilalamika 1871 alipokuwa anamtafuta Livingstone. Kutoka vitabu vyao ndipo Mgogo akapata sifa ya ulafi na ufidhuli. Hakuna aliyeandika kwamba bandari ya London nayo ilitoza ushuru.

Lakini angalia walichofanya baada ya kulalamika: walilipa. Stanley alikuwa na bunduki, na wala hakuwa mtu mwenye aibu ya kuzitumia. Ugogo alilipa kwa sababu hakuwa na namna. Watu zaidi ya mia mbili huwezi kuwalisha wala kuwanywesha kwa baruti, na watemi walikuwa wengi, wakijuana, na barabara ilikuwa moja. Hata waliobeba Lady Alice walikuwa wamebeba mzigo usio na faida yoyote hapa. Chombo cha majini, juu ya nchi kavu, kilihitaji ruhusa ya mwenye nchi kama furushi lolote la kaniki.

Tazama sasa kilichotokea mara tu baada ya Ugogo. Msafara uliiacha barabara ya wafanyabiashara ukaelekea kaskazini, Ituru, yaani Singida ya leo. Huko hakukuwa na desturi ya pande mbili iliyozoeleka, ya nani anatoa nini na nani anapokea nini. Januari 1875, mahali alipopaita Vinyata, ugomvi ukazuka, wakapigana siku kadhaa. Stanley alipoteza watu zaidi ya 20, na vijiji vya Wanyaturu vikachomwa moto. Kutoka hongo hadi moto zilipita wiki chache tu. Kilichobadilika ni kwamba makubaliano yaliishia nyuma, Ugogo.

Baada ya hapo mashua ikaunganishwa na kuwekwa majini. Ikazunguka Ziwa Victoria 1875, ikazunguka Ziwa Tanganyika 1876. Oktoba mwaka huo Stanley akakutana Manyema na Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, akamwahidi malipo ili amsindikize na watu wake wenye silaha. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna bahati, kwa sababu Tippu Tip naye aliacha maisha yake kwa maandishi, kwa lugha yetu, na mkutano huo umo. Ukivisoma vitabu viwili hivyo pamoja utaona hata malipo waliyoafikiana hayafanani. Ila usitafute mpagazi azungumze katika kimojawapo. Vyote viwili ni vitabu vya wenye bunduki.

Novemba 5, 1876, wakaondoka Nyangwe na kuingia msituni. Kwa mtu wa nyanda za kati, kurasa hizi zinashangaza. Sisi tumezoea kuona mbuyu ukiwa umesimama peke yake na upeo wa macho nyuma yake. Kule jua halifiki chini, majani yanadondosha maji mchana kutwa, njia ni tope na mizizi, na vipande vya mashua vinakwama kati ya mashina. Wabebaji walifika kambini saa nyingi baada ya wenzao. Wiki mbili hivi baadaye wakaufikia tena mto, wakaifunga mashua, na safari ikageuka. Viboko, mamba, kasuku wa kijivu, nyani wakipiga kelele juu, na kando ya mto vijiji vya wavuvi, Wagenia na majirani zao, mabingwa wa kafi na mitego ya samaki. Wagenia wanavua hadi leo kwenye maporomoko ya Boyoma, Kisangani.

Mwishoni mwa Desemba Tippu Tip akarudi, Stanley akaendelea na Lady Alice na mitumbwi ishirini na kitu. Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Mtoni, msafiri amekalia maji yake. Hahitaji kisima cha mtu. Hahitaji kupita uani kwa mtemi. Mkondo unamsukuma usiku na mchana, na kijiji kinachosema "simama tuzungumze" kinabaki nyuma ndani ya robo saa. Mashua ambayo Ugogo ilikuwa mzigo wa kuombewa njia, Lualaba ikawa ngome inayotembea. Kwa hesabu yake mwenyewe Stanley alipigana mara zaidi ya 30. Februari 1, 1877, mahali Aruwimi unapoingia kwenye mto mkubwa, anasema alikabiliwa na mitumbwi 54.

Yeye aliandika kwamba ni wakali wanaotaka kumla. Lakini yako masimulizi ya Mojimba, kiongozi mmoja wa watu wa mto, yaliyoandikwa na padri mmisionari baadaye: kwamba walitoka na mitumbwi na ngoma kumpokea mgeni, wakapokewa kwa risasi. Masimulizi hayo nayo yamepita kwenye kalamu ya Mzungu mwingine, kwa hiyo siyachukui kama ushahidi wa mwisho. Hata hivyo watu wa mto walikuwa na sababu za kuogopa. Wavamizi wa watumwa kutoka Nyangwe walishaanza kuwafikia, na mgeni huyu alikuja kutoka upande huohuo, akiwa na bunduki zilezile.

Na Waungwana ndani ya mashua? Walipiga makafi na kufyatua risasi, na walikufa. Kalulu, kijana aliyewahi kupelekwa Uingereza na Marekani, alimezwa na maporomoko Machi 1877. Uledi, mshika usukani, aliokoa watu 13 wasizame. Baadaye aliiba shanga wakati wa njaa, na wenzake walipomhukumu viboko, ndugu zake wawili wakajitokeza wagawane adhabu. Safeni, nahodha wa mashua siku za Ziwa Victoria, aliposikia kwamba bahari iko karibu akili ilimruka kwa furaha, akaingia porini na kasuku wake begani, asionekane tena.

Julai 31, 1877, juu ya maporomoko ya Isangila, waliipandisha Lady Alice kwenye mwamba wakaiacha hapo. Agosti 9 wakafika Boma kwa miguu, watu kama 115. Miaka miwili baadaye Stanley alirudi kwenye mto huohuo akiwa mtumishi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kilichofuata Kongo kinajulikana.

Mimi siwafanyi watemi wa Ugogo malaika. Barabara yao ilipitisha pembe na watumwa, na hongo ilitozwa kwa misafara hiyo pia. Ninachosema ni kwamba kwa muda wote wa safari ile ya karibu siku elfu moja, Ugogo ni mojawapo ya sehemu chache ambapo Stanley alilazimika kukaa chini, kungoja, kusikiliza bei na kulipa. Neno tulilobakiwa nalo kutoka siku hizo tumelifanya jina la rushwa. Nikiwaona wazee wa kwetu wakitajwa kwenye vitabu vile kuwa walafi kwa sababu ya nguo kadhaa za kaniki, nalinganisha na vijiji vya Lualaba ambavyo havikupewa hata nafasi ya kutaja bei.